Rivolva ya Mkono wa Kushoto

Orofino, Idaho
6 Januari 1997

Kwa wahusika,
Kiwanda cha Teague na Marchand, Holyoke, Massachusetts

Hii ni barua yangu ya kumi na moja. Huwa nawaandikia kila Januari, theluji ikishanifungia ndani. Nanyi kila Machi mnanijibu kwamba mnayathamini maoni yangu. Kama mnayathamini kiasi hicho, basi mna ghala kubwa sana la kuyawekea.

Naomba tena. Tengenezeni rivolva ndogo ya risasi sita, zile nyembamba za kipimo cha thelathini na mbili zisizoumiza kiganja, mtutu wa inchi nne, kwa mtu wa mkono wa kushoto. Rivolva zote nilizowahi kushika silinda yake hufungukia kushoto, na komeo la kuifungulia liko kushoto, pale kinapokaa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mimi mkono wa kulia sina. Ulichukuliwa na msumeno wa kiwanda cha mbao mwaka 1971. Nikishika kwa kushoto, komeo nalibonyeza kwa kidole cha shahada, na silinda ikifunguka inakigonga kidole hichohicho. Siwezi kuifungua mpaka niibane magotini kama mtu anayemnyoa kondoo manyoya. Kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha wamenikataza, maana mtutu unaelekea watu, na wana haki.

Geuzeni kila kitu kama kwenye kioo. Komeo kulia, silinda ifungukie kulia. Gumba libonyeze, shahada isukume, niiweke mezani ikiwa wazi, nijaze mwenyewe. Ni hayo tu. Siombi dhahabu kwenye mpini.

Thurman Haugland


Holyoke, Massachusetts
11 Machi 1997

Mpendwa Bwana Haugland,

Kiwanda cha Teague na Marchand kinakushukuru kwa barua yako na kinathamini maoni yako.

Hapo juu ndipo ninapolazimika kuishia. Ninayoendelea kuandika ni yangu. Mimi ndiye ninayejibu barua za wateja, peke yangu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Barua zako zote kumi na moja ninazo. Wengi huandika mara moja, wakitaka rivolva ya risasi tisa au ya rangi ya samawati kama ile ya babu yao, halafu wananyamaza. Wewe hunyamazi, na kwa kweli umenichosha.

Kwa hiyo nikuambie jambo ambalo kiwanda hakipendi niwaambie watu. Hapa hakuna rivolva mpya inayotengenezwa kwa sababu mtu ameomba. Inatengenezwa muuzaji wa jumla akiagiza mia tano kwa mpigo. Mtafute huyo. Akituandikia, mimi barua yake nitaipeleka mwenyewe kwenye kikao cha Bwana Prescott Teague na kuisoma kwa sauti.

Uliniuliza mwaka jana kama kuna mtu huku anayesoma. Yupo.

Lucienne Bourque
Meza ya Barua


Orofino, Idaho
20 Machi 1997

Bi Bourque,

Barua yako nimeisomea jikoni nikiwa nimesimama. Miaka kumi na moja nilidhani najibiwa na mashine.

Kwa kuwa umesema ukweli, nami niseme. Mkono ulipoondoka, mke wangu Ardith ndiye aliyekuwa akinijazia risasi. Kila Jumamosi klabuni, miaka kumi na tano, na wala yeye hakupenda bunduki. Alikuwa akijaza huku akinisema kuhusu bomba la jikoni. Alifariki mwaka 1986. Tangu hapo anayenijazia ni jirani yangu Lyle Pruett, mchomeleaji mstaafu, mtu mwema kupita kiasi. Anajaza pole pole, ananiuliza, "Tayari, mzee?" kama ananilisha uji. Nina miaka sabini na mmoja. Nataka nijaze mwenyewe kabla sijafa. Sitaki kingine.

Muuzaji wa jumla nitamtafuta.

Thurman Haugland


Orofino, Idaho
2 Novemba 1997

Bi Bourque,

Nimechoka. Tangu Mei nimekwenda kwenye maonyesho saba ya silaha, Spokane, Boise, Missoula, hata Yakima. Lyle anaendesha, mimi nakaa na meza na daftari na kibao: WENYE MKONO WA KUSHOTO, SAINI HAPA.

Wewe umekaa na hawa watu kwa barua miaka kumi na tisa, sijui umewezaje. Anakuja mmoja, anaangalia kibao, anasema wazo zuri lakini mtutu uwe inchi tano, maana nne ni fupi na sita ni ndefu. Wa pili anasema yeye atasaini ikiwa ya risasi saba. Wa tatu si wa mkono wa kushoto hata kidogo, ila ana rivolva anayoiota tangu yuko jeshini na anataka nimwandikie na yeye. Mmoja alikaa mezani kwangu tangu asubuhi mpaka wanafunga, akinichorea rivolva yake kwenye karatasi za kufungia soseji. Nilimuuliza, ikitengenezwa utainunua? Akafikiri, akasema inategemea. Lyle alimwambia, "Wewe kaka, ukifika peponi utaomba wakuonyeshe katalogi kwanza."

Lakini wa mkono wa kushoto wapo. Nina saini mia sita na kumi na nne. Walisaini kwa ile namna yetu, mkono umepinda juu ya mstari, wino unafutika. Bwana Dorrance, muuzaji wa jumla wa Spokane, amelipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Yeye pia ni wa kushoto. Barua yake ya kuagiza mia tano nimeiambatanisha.

Sasa ni zamu yako.

Thurman


Holyoke
19 Desemba 1997

Ndugu Thurman,

Imepita.

Nimeisoma kwa sauti, kama nilivyosema. Bwana Teague aliniuliza kwa nini karani wa barua anasimama kikaoni. Nikamwambia ukweli ambao sijamwambia mtu hapa kazini. Mimi nilizaliwa wa mkono wa kushoto. Masista wa shule yetu waliufunga kwa utepe kwenye kiti mpaka nikajifunza kuandika kwa kulia. Nikamwambia, nimeandika barua za kiwanda hiki miaka yote hii kwa mkono usio wangu, nisikilize dakika tano. Alinisikiliza.

Ila kuna sharti, na ni vema ulijue. Wanataka kuifunga meza ya barua. Wanasema barua hazileti chochote. Bwana Teague amesema rivolva hii ndiyo itakayoamua. Ikipokelewa vizuri, meza inabaki. Isipopokelewa, nami nakwenda nayo. Sikuambii ili ubebe mzigo, nakuambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mhandisi ni Wojtas. Anaanza michoro mwezi wa pili.

Krismasi njema.

Lucienne


Orofino
9 Januari 1998

Lucienne,

Januari ya kwanza katika miaka kumi na moja sina la kulalamikia. Najisikia vibaya, kama mtu aliyeacha kuvuta sigara.

Hao masista wako ningependa kukutana nao. Mimi mwalimu wangu alitumia rula, lakini nilikuwa mkaidi zaidi yake.

Samahani kuuliza jambo lililo wazi. Komeo liko kulia, siyo? Mwambie Wojtas asisahau. Mtu mwenye mikono miwili anaweza kulisahau.

Nimemwambia Lyle ajiandae kustaafu mara ya pili.

Thurman


Holyoke
27 Aprili 1998

Ndugu Thurman,

Unisamehe kwa kuchelewa. Mafua yalinilaza wiki tatu, halafu barua zikarundikana.

Michoro imepita mezani kwangu. Wojtas amefanya kazi ya kupendeza, mpini mdogo, mtutu inchi nne kamili, silinda inafungukia kulia. Chuma wamekwisha agiza. Bwana Teague alikuja mwenyewe kuitazama, jambo ambalo huwa hafanyi.

Huku mvua haikatiki. Dada yangu Odile amehamia kwangu na paka wake wawili, kwa hiyo nyumba imejaa watu watatu wasionisikiliza.

Msalimie Lyle.

Lucienne


Holyoke
12 Januari 1999

Ndugu Thurman,

Imetoka. Mia na ishirini za kwanza ziko tayari, zilizobaki zinasubiri neno la Bwana Teague. Ya kwanza kabisa ni yako, zawadi ya kiwanda. Nimeituma kwa yule mwenye duka la silaha hapo Orofino. Nenda kasaini karatasi zake uichukue.

Nina ombi. Kikao ni tarehe tano Machi. Bwana Teague anataka barua yako, kwamba umeipokea na umeridhika. Itachapishwa kwenye katalogi. Ukiandika mistari mitano inatosha, ingawa wewe hujawahi kuishia mitano.

Lucienne


Holyoke
15 Februari 1999

Thurman,

Mwenye duka ameniambia kwa simu kwamba uliichukua tarehe ishirini na tatu Januari. Sijapata neno kutoka kwako. Wewe si mtu wa kunyamaza. U mgonjwa?

Lucienne


Orofino
22 Februari 1999

Lucienne,

Si mgonjwa. Nilikuwa nasubiri kujua niandike nini.

Humu mna karatasi mbili zaidi ya hii. Ya kwanza ndiyo uliyoomba, nimempa Lyle apige taipureta ili ipendeze. Inasema nimeipokea, ni nyepesi, inalenga kweli, nimeingoja maisha yangu yote na sasa nimepumzika. Kila neno ni la kweli isipokuwa la mwisho.

Ya pili nimeandika kwa mkono. Nakuambia hapa yaliyomo ili usishtuke ukiifungua. Komeo liko kushoto.

Wamegeuza silinda, komeo wameliacha lilipo. Nikiishika, gumba langu liko kulia na halina cha kubonyeza. Kidole cha shahada kinatakiwa kibonyeze komeo na wakati huohuo kiisukume silinda. Kidole kimoja kazi mbili. Jumamosi ya kwanza nilijaribu nusu saa, watu wote kwenye mstari wakisubiri, wakijifanya wanasafisha miwani. Mwisho Lyle akaichukua pole pole mkononi mwangu, akaifungua, akaijaza, akanirudishia. Zile za kawaida zilikuwa afadhali kuliko hii.

Nimeona aibu, Lucienne. Mia sita na kumi na nne walisaini kwa sababu yangu. Wenye mikono miwili watapambana nayo, wamezoea kupambana. Lakini Yakima alikuja mzee mmoja ambaye upande mzima wa kulia umepooza. Alisaini mara mbili, aliogopa ya kwanza haisomeki.

Ulinisimulia habari ya meza yako. Sijaisahau. Ndiyo maana zipo karatasi mbili. Chagua wewe. Ukisoma ya taipureta, nitaapa mbele ya yeyote kwamba ni ya kweli, na sitakulaumu mpaka naingia kaburini. Mimi uchaguzi huo umenishinda, nimekaa nao mwezi mzima.

Thurman


Holyoke
6 Machi 1999

Ndugu Thurman,

Nimesoma ya mkono.

Bwana Teague akaomba aletewe moja, akaishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauweka mfukoni. Akajaribu. Nilimwona anavyohangaika na kile kidole. Ni mtu wa haki, akaiweka chini akasema, "Mzee huyu anasema kweli."

Nilidhani atasema irekebishwe. Alisema isimamishwe. Kuhamisha komeo ni kuchonga umbo lote upya, na Bwana Dorrance hawezi kusubiri miaka mingine miwili. Zile mia na ishirini zitakwenda kwake kama zilivyo, zilizobaki hazitatengenezwa, wala rivolva nyingine ya mkono wa kushoto haitatengenezwa hapa. Aliniambia niandike kwenye faili kwamba soko halipo.

Meza inafungwa tarehe thelathini Aprili.

Usijilaumu. Ni mimi niliyechagua karatasi.

Lucienne


Orofino
15 Machi 1999

Lucienne,

Wewe mwanamke una moyo mgumu kuliko msumeno uliokula mkono wangu. Ungeweza kusoma ile nyingine.

Unamkumbuka yule wa karatasi za soseji? Amempigia simu Dorrance kuulizia. Wakusanyaji wamesikia kwamba hazitatengenezwa tena, wamezigombania zote mia na ishirini kwa wiki moja. Watazifungia kwenye maboksi. Wengi wao ni wa mkono wa kulia. Lyle alicheka mpaka akakaa chini, mimi sikuweza.

Niambie utafanya nini baada ya Aprili. Umepoteza kazi kwa sababu yangu na sina cha kukupa.

Thurman


Holyoke
3 Mei 1999

Thurman,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, paka mmoja amekalia bahasha. Sina tena kichwa cha barua cha kiwanda, na kwa hiyo nimekosa pa kujifichia.

Unasema nimepoteza kazi kwa sababu yako. Ulilisema hilo Machi na mimi nimekuacha uendelee kuliamini. Nisikilize.

Niliiona. Aprili ya mwaka jana, kwenye mchoro, siku ya kwanza. Mimi si mpiga shabaha lakini barua zako nimezisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, najua komeo linatakiwa kuwa wapi. Nilimfuata Wojtas. Alisema wa mkono wa kushoto wamezoea kubonyeza kwa shahada, hakuna atakayelalamika, na kwamba akichora upya Bwana Teague atapata sababu ya kuifuta. Nilijua anasema kweli kuhusu Bwana Teague. Nikarudi kwenye kiti changu. Nilijiambia afadhali hivyo kuliko kukosa kabisa. Nilijiambia utalizoea. Mkono wako mmoja niliufikiria, sitakudanganya kwamba niliusahau. Niliufikiria, halafu nikaifikiria meza yangu.

Ulikuwa umeniuliza Januari, kwa maneno yasiyoficha kitu. Nilikujibu habari za mvua na paka.

Kwa hiyo sikusoma karatasi ya mkono kwa sababu nina moyo mgumu. Nilikuwa nimechoka kuibeba siri ile. Ningesema mwaka mmoja kabla, pengine wangefuta, pengine wangechonga upya. Hatutajua, na kosa ni langu.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu uache kujilaumu.

Lucienne Bourque


Orofino
12 Mei 1999

Lucienne,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina hasira na wewe. Nikiandika sasa nitaandika maneno ambayo siwezi kuyarudisha.

Nitakuandikia zikipoa.

T. Haugland


Orofino
4 Oktoba 1999

Lucienne,

Hasira zimechukua miezi mitano. Hazijaisha zote, lakini zimepungua, na sipendi kuingia kwenye theluji nikiwa nazo.

Nilichokasirikia zaidi si komeo. Nilikuuliza swali ukaniletea paka. Mtu mmoja huko kwenu alikuwa akinisoma, halafu huyo mmoja naye akaamua asinisome. Nimelisema, nimemaliza.

Agosti niliendesha peke yangu mpaka Yakima. Nilimtafuta yule mzee aliyesaini mara mbili, nimweleze mwenyewe. Nilimkuta barazani kwake. Nilipomaliza kusimulia yote, na wewe umo, aliniuliza, "Huyo mama wa barua, alikuwa analipwa kusoma ukweli wenu mbele ya wakubwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwandikie." Niliendesha saa tano kurudi nikiwa nimemkasirikia na yeye pia.

Rivolva bado ninayo. Mkusanyaji mmoja wa Boise ameitaka mara mbili, nimemwambia anitafute nikifa. Inalenga vizuri mno, hilo lazima nimpe Wojtas. Kujaza mwenyewe ndiyo basi. Nina miaka sabini na mitatu, gumba limeanza kukaza, hata wakichonga upya leo nitakuwa nimechelewa. Nimelia kidogo kwa hilo, nakuambia wewe kwa kuwa najua hutamwambia mtu.

Lyle anahamia kwa binti yake huko Oregon mwezi ujao. Ananihangaikia, eti nitapiga na nani. Nimemwambia yupo mtu.

Odile anaweza kukaa na paka wake wiki mbili. Kuna ndege mpaka Lewiston, hapo nitakuja kukupokea, nina gari la bluu lenye mlango mmoja wa kijani. Klabu inafungua Jumamosi saa nne asubuhi. Ukifika utanijazia risasi, sita kwa sita, mpaka niseme basi. Njoo na koti zito, na usiniulize kama niko tayari.

Thurman